Sakristia, Kanisa na Gereza

Sakristia ni chumba cha kanisa ambamo padre huvaa mavazi ya ibada na ambamo vyombo vya altare huwekwa. Katika zama za sanaa ya Baroko, wajenzi wa Ulaya walikipamba chumba hicho mithili ya hazina. Mfano mashuhuri ni sakristia ya kanisa kuu la Toledo, Hispania. Juu ya altare yake imetundikwa picha ya El Greco ya Kristo akivuliwa nguo, iliyochorwa kati ya 1577 na 1579. Nayo dari yake ilipambwa na Luca Giordano, ambaye kazi yake huhesabiwa kuwa ya mwaka 1698.

Mwaka huo huo wa 1698, mwezi wa Desemba, Waomani waliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa, baada ya kuizingira tangu 1696. Ngome hiyo ilijengwa tangu 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, wakati mfalme wa Hispania alipokuwa akitawala Ureno pia. Ndani yake mlikuwa na kanisa, ambalo leo ni magofu tu. Sanaa iliyosalia ni michoro ya merikebu na watu, ambayo Wareno waliichora ukutani kwa makaa na ngeu.

Je, kanisa hilo limepotea kabisa? La, limehifadhiwa na lugha. Kireno huita kanisa *igreja*, na neno hilo ndilo asili ya "gereza". Huko Unguja, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadhi ya kuta zake zikaingia katika ngome. Yaelekea basi kwamba jina lilibaki mahali pale, ingawa jengo lilibadilika kazi: kanisa likawa ngome, na ngome ikawa kifungo. Ngome ya Yesu yenyewe ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hata 1958. Tena si gereza peke yake. Padre, meza, kasha, leso na mvinyo, vyote ni vitu visivyokosekana katika sakristia, na majina yake yote yametokana na Kireno.

Katika mkoa wa Singida, mbali na bahari, hapana kanisa la Baroko. Wamisionari walifika bara baada ya zama hizo kupita, na jimbo Katoliki la Singida lilianzishwa mwaka 1972 tu. Hata hivyo Mnyaturu na Mnyiramba husema "gereza" kila siku, na kwao maana yake ni jela basi. Yafaa wanaotunga kamusi waziandike maana zote tatu kwa mfuatano wake, yaani kanisa, ngome, na jela. Kwani maana ya kwanza ikisahauliwa, ushahidi mkubwa wa kanisa lile utakuwa umebomolewa mara ya pili.