Kamusi ya Kiingereza iliyozaliwa Japani

Mwanafunzi wa sekondari akikwama kwenye neno gumu la Kiingereza, hufungua kamusi, akaona "advice" ni shauri, akaifunga. Kesho yake anaandika "advices", maana kwetu shauri likizidi moja huwa mashauri. Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu. Maana ya neno mtoto huyu anaijua. Hakuna aliyemwambia kwamba Waingereza hawalihesabu.

Kamusi za zamani zisingemwambia. Ile ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, na kubwa zilizofuata, ziliandikiwa watu waliokua na Kiingereza kinywani. Zilitoa asili ya neno na mifano ya waandishi mashuhuri, lakini matumizi ya kila siku msomaji alitarajiwa kuwa nayo tangu utotoni.

Aliyezaliwa nje ya lugha hiyo alianza kufikiriwa huko Asia. Michael West, aliyefundisha katika eneo la Bengali, alitoa kamusi mwaka 1935 akishirikiana na James Endicott. Ufafanuzi wake wote ulitumia maneno 1,490 tu, ili neno gumu lisielezwe kwa magumu zaidi.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Harold Palmer alialikwa huko mwaka 1922, na mwaka uliofuata akawa kiongozi wa taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza jijini Tokyo. Alipoondoka mwaka 1936, utafiti uliendelezwa na A. S. Hornby, kijana wa Chester, Uingereza, aliyekuja mwaka 1924 kufundisha chuo cha Oita. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, Hornby alitunga kamusi iliyomwonyesha mgeni tabia ya neno. Nomino iliwekewa alama: hii inahesabika, hii haihesabiki. Vitenzi vilipangwa katika miundo 25. Mtu akitafuta "want" aliona kwamba unaweza kusema unamtaka mtu afanye jambo kwa muundo fulani, na akitafuta "suggest" aliona muundo ule ule haukubaliki, ingawa vitenzi hivyo viwili vinaelekea kufanana. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia ya kamusi za wanafunzi, na ulitokana na makosa ya madarasani, yale yale yanayosahihishwa leo Tabora na Mombasa.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaingia. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Hornby aliwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Hata hivyo kamusi yake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka huo huo akarudishwa Uingereza. Oxford waliitoa upya mwaka 1948, na tangu mwaka 1952 imebeba jina la kamusi ya wanafunzi wa ngazi ya juu, ambalo bado liko kwenye jalada.

Mwaka 1961 Hornby alianzisha mfuko, akautengea sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake. Fedha hizo zimewagharamia walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingine kwenda Uingereza kusoma.