Kimea: dawa ya mtoto iliyotoka kwenye mtungi wa pombe

Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Uji mzito wenye unga wa kutosha unamshinda kumeza, na ukiongezwa maji ukawa mwepesi, anashiba maji tu. Mwaka 1983 watafiti wawili, A. C. Mosha na Ulf Svanberg, walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania kuhusu njia ya kutoka hapo: ukitia unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kwenye uji mzito wa moto, uji hulainika baada ya dakika chache huku unga wote ukiwa bado umo. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga. Mtoto anakunywa kwa urahisi na anapata chakula maradufu, hata zaidi.

Kimea hicho hakikuzaliwa maabara. Wanawake wapika pombe walikuwa nacho tangu enzi na enzi. Uchagani ulezi hulowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa, kisha hupikwa uji unaochanganywa na ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchachuka. Hiyo ndiyo mbege, pombe ya Wachaga. Wateso wa Uganda na Kenya nao hutengeneza pombe yao, ajon, kwa ulezi, wakainywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mimi naamini wapishi hawa ndio wanasayansi wa kwanza wa jambo hili, na wanastahili kutajwa hivyo. Ujuzi wao ulionekana wa kutengeneza kilevi tu, kumbe ndani yake mlikuwa na lishe ya watoto.

Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kutoka huku ulivuka bahari hadi India, na huko Karnataka leo ulezi, unaoitwa ragi, ni chakula cha kila siku. Punje zake ni ndogo mno kiasi kwamba wadudu wa ghalani hawaziwezi, hivyo hukaa miaka mingi bila kuharibika. Kabla ya mahindi kutawala mashamba yetu wakati wa ukoloni, ghala la ulezi ndilo lililovusha kaya mwaka wa njaa. Mahindi yalishinda kwa sababu zinazoeleweka: ulezi huvunwa suke kwa suke kwa kisu, na magugu yake ya ukoo mmoja hufanana nao mno hata palizi ikawa adhabu.

Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 350 za kalsiamu. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana kama 120. Tukumbuke kwamba ulezi huo ni mkavu, nao ukiwa uji huongezwa maji mengi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouuza kama tiba ya kila kitu. Mama aliyejifungua hupewa uji wa ulezi arudishe nguvu na apate maziwa, na wengi husema unaongeza damu. Madini ya chuma yamo kweli, ila fitati, kemikali iliyomo kwenye punje, huyashika yasifyonzwe vizuri. Kuotesha na kuchachua hupunguza fitati hiyo, kwa hiyo wazee waliosisitiza uji uchachuke walikuwa na haki.

Kuchachua kuna faida nyingine. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg walionyesha kwamba watoto wa Tanzania waliolishwa uji uliochachuliwa, jamaa wa kinywaji cha togwa, waliugua kuhara mara chache kuliko wenzao. Ile asidi inayoupa uchachu ndiyo inayowazuia bakteria kustawi.

Anayetaka kuotesha nyumbani achague ulezi, asichukue mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama hubeba sumu ya sayanidi. Aloweke usiku kucha, achuje, afunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu, aanike juani mpaka ukauke kabisa, asugue machipukizi yatoke, ndipo asage. Ulioota ukungu utupwe. Na kimea kikishaulainisha uji, sufuria irudishwe motoni uchemke tena kabla mtoto hajapewa.