Kufuli Mbili za Mtaa wa Azusa

Aprili 2026 inatimiza miaka 120 tangu kundi dogo la waumini, wengi wao Wamarekani weusi wa kazi za ndani na vibarua, lihamie katika jengo la mbao lililochakaa, namba 312 Mtaa wa Azusa, mjini Los Angeles. Jengo lenyewe halipo. Lilibomolewa mwaka 1931, na pale liliposimama, leo ni uwanja wa kituo cha utamaduni cha Wamarekani wenye asili ya Japani, katika eneo la Little Tokyo. Wapentekoste huikumbuka Azusa kwa kunena kwa lugha, uponyaji na moto wa Roho Mtakatifu, na hayo yana haki ya kukumbukwa. Lakini kuna jambo ambalo husemwa kwa pumzi moja na kupitwa: kwa miaka michache, katika nchi iliyowatenga watu kwa rangi hadi makaburini, Weusi, Wazungu, Wameksiko na wahamiaji wengine waliabudu pamoja chini ya mchungaji mweusi, mtoto wa wazazi waliopitia utumwa. Hoja yangu ni kwamba mchanganyiko ule haukujileta wenyewe. Ulitokana na namna ibada ilivyoongozwa, na ulivunjika pale uongozi ulipogeuka kuwa mali ya kugombewa.

William Joseph Seymour alizaliwa mwaka 1870 huko Centerville, Louisiana. Mwanzoni mwa 1906 alikuwa Houston, Texas, akifuatilia masomo ya mhubiri Mzungu Charles Parham, aliyefundisha kwamba kunena kwa lugha ni dalili ya kujazwa Roho. Sheria na desturi za ubaguzi hazikumruhusu Mweusi kukaa darasa moja na Wazungu, na inasimuliwa kwamba Seymour alisikiliza akiwa nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Februari mwaka huo alialikwa Los Angeles na Julia Hutchins, kiongozi wa kanisa dogo la vuguvugu la Utakatifu (Holiness). Mahubiri yake juu ya lugha hayakumpendeza mwenyeji wake, na aliporudi kwa ajili ya ibada nyingine akakuta mlango umetiwa kufuli. Hiyo ni kufuli ya kwanza katika habari hii. Akaendelea na maombi majumbani, hasa katika nyumba ya Richard na Ruth Asberry, Mtaa wa Bonnie Brae, ambako tarehe 9 Aprili watu walianza kunena kwa lugha. Umati ukawa mkubwa kuliko nyumba, ndipo ikatafutwa ile namba 312.

Habari za ndani ya jengo hilo tunazipata hasa kwa mashahidi wawili: gazeti la kundi lenyewe, The Apostolic Faith, lililoanza Septemba 1906, na Frank Bartleman, mhubiri Mzungu aliyehudhuria tangu mwanzo na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1925. Jengo lilikuwa kanisa la Wamethodisti weusi kabla ya kugeuzwa bohari na zizi. Ukumbi wa chini ulikuwa wa futi 40 kwa 60 hivi, dari yake fupi, sakafuni vumbi la mbao. Viti vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya makasha na mapipa ya misumari. Waliovipanga hawakuvielekeza vyote upande mmoja kama ilivyo kawaida, bali walivizungusha, watu wakatazamana na kiongozi akawa katikati, kimo kimoja nao. Mimbari yake ilikuwa makasha mawili matupu ya viatu, moja juu ya jingine, na Bartleman anasimulia kwamba Seymour alizoea kuketi nyuma yake na kuingiza kichwa ndani ya kasha la juu, akiomba, huku ibada ikiendelea. Hapakuwa na vitabu vya nyimbo, wala kwaya, na mwanzoni hapakuwa na ala. Sadaka haikuzungushwa, aliyetaka kutoa alikuta chombo mlangoni. Aliyeguswa alisimama na kushuhudia, awe dobi au mchungaji mwenye elimu ya chuo, na mhubiri mgeni aliyekuja kujionyesha aliishiwa pumzi kabla ya hotuba yake kufika mbali.

Msomaji anaweza kudhani huko ni kukosa uongozi. Sivyo. Seymour alihubiri palipohitajika, alirekebisha palipopotoka, na aliamua jambo lililo kubwa kuliko mpangilio wa nyimbo: nani atasimama na kumwombea nani. Wazee waliothibitisha watumishi walikuwa Weusi na Wazungu, wanaume kwa wanawake. Abundio na Rosa López, mume na mke Wameksiko, walihudumu kwenye maombi na kuwahubiria watu wa lugha yao mjini, na gazeti likachapisha ushuhuda wao kwa Kihispania pamoja na tafsiri. Jennie Evans Moore, aliyeolewa na Seymour mwaka 1908, alikuwa mpiga kinanda na mwimbaji aliyeongoza sifa. Katika makanisa mengi ya wakati ule mgeni alikaribishwa ndani akaachwa kwenye viti vya nyuma. Pale Azusa mgeni alipewa kazi.

Uzito wa jambo hilo unaonekana kwa mtu mmoja. G. B. Cashwell alikuwa mhubiri Mzungu wa North Carolina, na alisafiri kwa treni kuvuka bara zima mwishoni mwa 1906 akiutafuta ujazo wa Roho. Alipofika, kijana mweusi akamwekea mikono kichwani amwombee. Cashwell alichukizwa na kuondoka. Kwa ushuhuda wake mwenyewe katika gazeti lile, alipambana na nafsi yake, na inasimuliwa kwamba chuki ilipokufa alirudi na kuwaomba Seymour na vijana weusi wamwekee mikono. Akarudi kwao na kuwa mhubiri mkubwa wa Upentekoste kusini mwa Marekani. Kama Azusa ingempa mgeni huyo mwombeaji wa rangi yake, kwa adabu na kwa kumhifadhi aibu, asingelazimika kupambana na lolote.

Wapo watakaopinga kwamba kazi hii ilikuwa ya Roho, na kwamba kuzungumzia mpangilio wa mabenchi ni kumpunguzia Mungu sifa. Hoja hii naiheshimu, lakini Parham anaijibu kwa maisha yake. Mafundisho yake juu ya Roho ndiyo Seymour aliyoyabeba kwenda Los Angeles. Alipoitembelea Azusa Oktoba 1906, hakuona Pentekoste. Aliona Weusi na Wazungu wakishikana na kukumbatiana kwenye maombi, na akakemea kwa maneno ya kudhalilisha. Wazee walimkataa, akaenda kufungua mikutano yake kwingine mjini. Itikadi ilikuwa moja, ila aliyeiongoza kutoka nyuma ya makasha ya viatu alipata kanisa la mataifa, na aliyeiongoza kwa kuwatenga watu alipata kundi la rangi moja.

Kisha likaja la mali. Gazeti, ambalo kwa maelezo yake lenyewe lilichapwa nakala maelfu kwa maelfu na kugawiwa bure, ndilo lililoifikisha sauti ya Azusa ng'ambo. Mwaka 1908 mhariri wake, Clara Lum, alihamia Portland, Oregon, kwa Florence Crawford, aliyekuwa mtumishi mwenzake Azusa, akichukua orodha ya wasomaji. Seymour hakuipata tena. Kanisa likabaki bila njia ya kuwafikia waliolitegemea, na umati ukapungua.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 1911. William Durham, mhubiri Mzungu wa Chicago aliyejazwa Roho pale pale Azusa mwaka 1907, alifika Februari wakati Seymour yuko safarini. Alihubiri kwamba kazi ya Kristo ilikamilika msalabani, hivyo utakaso si hatua ya pili inayosubiriwa baada ya wokovu, jambo lililopingana waziwazi na mafundisho ya nyumba ile. Ukumbi ukafurika tena. Kwa Bartleman ilikuwa kama siku za 1906 zimerudi, na yeye aliegemea upande wa Durham bila kuficha. Seymour akaitwa arudi. Tarehe 2 Mei yeye na wadhamini walifunga milango kwa mnyororo na kufuli, Durham akiwa nje. Yule aliyefungiwa nje mwaka 1906 sasa ndiye aliyeshika funguo. Durham alihamia ukumbi mwingine na watu wengi wakamfuata. Akafariki mwaka uliofuata.

Bartleman anaona chanzo cha anguko ni kuwa na jina na uongozi rasmi: kwake mambo yalianza kuharibika siku kibao chenye jina kilipotundikwa nje. Hapa simfuati. Durham naye alikuwa na jukwaa, wafuasi na jarida lake.  Mgeni aliyeingia nyumba ya mchungaji mweusi asiyekuwepo, akabadili mafundisho yake na kuchukua umati, hawezi kuitwa mtu asiyependa utawala. Kufuli ya Seymour ilikuwa kali, na iliwaumiza waumini wasio na hatia, lakini ilikuja baada ya miaka mitano ya kunyang'anywa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Seymour mwenyewe. Katika kitabu cha kanuni alichochapisha mwaka 1915 aliagiza kwamba uongozi wa kanisa lake ushikwe na watu weusi tu, ingawa Wazungu waendelee kupokelewa kama ndugu. Je, hapo hakukana alichokijenga? Alieleza kwamba alitaka kuzuia ugomvi na mgawanyiko. Mimi naisoma kanuni hiyo kama ushahidi wa hoja yangu: baada ya Parham, Lum na Durham, alikwisha kujua kwamba kukaa benchi moja hakutoshi pale wachache wanapoweza kuondoka na gazeti, orodha na watu. Aliandika kwa uchungu, na hakuona njia nyingine.

Alifariki Septemba 1922, mkewe akaendelea na kundi dogo hadi jengo likabomolewa. Makanisa yaliyozaliwa na vuguvugu lile yalijitenga kwa rangi kwa miaka mingi. Mwaka 1994, mjini Memphis, viongozi wa Wazungu na Weusi walioshana miguu na kuvunja ushirika wa zamani wa Wazungu watupu.

Kwetu Afrika Mashariki uzi upo. Robert McAlister, mmoja wa waanzilishi wa Pentecostal Assemblies of Canada mwaka 1919, alipita Azusa mwaka 1906, na ni kanisa hilo lililochukua misheni ya Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1920. Tumepokea kunena kwa lugha, mikesha na kuwekewa mikono. Mabenchi yaliyozungushwa hatukuletewa. Makanisa yetu ya mijini yana watu wa kila kabila na wageni kutoka nchi jirani, na Jumapili wimbo mmoja huimbwa kwa lugha tatu, lakini madhabahu imeinuliwa mbali na viti, na wanaoongoza sifa, wanaohesabu sadaka na wanaotia sahihi hati ya kiwanja mara nyingi wanatoka nyumbani kumoja. Jina la Seymour halitajwi huko, na picha yake haiko ukutani. Iwekwe mwaka huu, na kando yake iandikwe habari ya kijana mweusi aliyemwekea mikono Cashwell.