Usafi wa mahali pa kazi, Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Korona ilileta mabadiliko ya kanuni za usafi kazini. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020 na Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, aliyewahi kuwa seneta wa Nyeri. Kanuni za Aprili ziliwataka wenye biashara kuweka maji na sabuni, au sanitaiza, mlangoni. Kuanzia Karatina hadi Nanyuki ulienea mtungi wa plastiki wenye mfereji, juu ya stendi ya chuma. Maji yake, asubuhi za Julai, yaliuma vidole. Viwanda vya majani chai havikushtuka sana: kunawa na kuvaa kofia vilikuwa desturi huko. Barakoa zilipoacha kulazimishwa hadharani Machi 2022, mitungi mingi ilikauka.