Kuskani negativu kubwa kwa skana bapa
Kuskani negativu kubwa kwa skana bapa ni kuigeuza filamu ya inchi 4×5 au zaidi kuwa faili la kidijitali, kwa mwanga unaoipenya kutoka kwenye kifuniko. Hoja kwamba skana ya ngoma, inayozungusha filamu juu ya silinda, husoma kwa ukali zaidi ina uzito kwa filamu ya milimita 35. Lakini negativu ya 4×5, hata ikisomwa kwa nukta 2,400 tu kwa inchi, hutoa pikseli 9,600 kwa 12,000, zinazotosha chapa ya upana wa sentimita 81. Penye joto na unyevu, kama Kajaga kando ya Ziwa Tanganyika, filamu za asetati huoza haraka. Kwa hiyo kuskani mapema kwa skana bapa iliyo nafuu ni bora kuliko kusubiri skana ya ngoma iliyo ghali.