Barua ya kupangiwa kituo: nesi alifikaje kijijini kwenu, na kwa nini haondoki au haondoki mapema?



Wiki hii naweka pembeni uji wa mtoto na ratiba ya chanjo. Kuna swali linanijia sana kutoka kwa wazazi: "Binti yangu kamaliza uuguzi, Dar kazi hakuna, ila kuna wilaya moja huko mbali wanahitaji watu. Nimruhusu?" Na lipo la pili, linatoka kwa mama walioko huko huko wilayani: "Mbona manesi wetu hawakai? Anakuja, tunamzoea, mwaka ukiisha hayupo."

Ukiyaangalia vizuri, ni swali moja. Anayeogopa kumpeleka binti yake na anayelia kwamba nesi kaondoka wanazungumzia zahanati ile ile. Nimeona nisijibu kwa kukisia. Twende na historia, halafu utaamua mwenyewe.

SEHEMU YA 1: KABLA YA UHURU

Wakati wa mkoloni, huduma nzuri za serikali zilikuwa mijini na kwenye makao ya wilaya. Kijijini, kuanzia miaka ya 1920, ukiwa na bahati ulipata zahanati ndogo ya serikali ya wenyeji yenye dresa, yaani mtu aliyefundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Mama mwenye uchungu alibaki mikononi mwa mkunga wa jadi.

Walioingia ndani zaidi walikuwa wamisionari. Ndanda na Peramiho kule kusini, Mvumi karibu na Dodoma. Daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, Masasi, mwaka 1935, akatumikia kusini kwa miaka mingi. Huyo huyo baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania huru, 1975 hadi 1980.

Angalia jambo moja kwenye hospitali hizi za misheni: zilifundisha wauguzi palepale. Msichana alisoma mahali pale, akalala pale, akazalisha akina mama wa pale, na kazi ya kwanza akaipata pale. Hakuna aliyehitaji kumshawishi "aende" kijijini, maana alikuwa yupo tayari. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Uhuru ulipofika 1961 nchi ilikuwa mikono mitupu. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 tu.

SEHEMU YA 2: SERIKALI INAKUPANGIA

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na miaka ya 1970 fedha za afya zikaanza kuelekezwa vijijini badala ya kuongeza hospitali kubwa mijini. Wakati wa uhuru vituo vya afya vya vijijini havikufika 30. Kufikia 1980 vilikuwa zaidi ya 200. Mwaka 1973 ikawepo kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wakakaa vikundi kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Bibi yako anaweza kukusimulia. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa taifa wa chanjo. Kwa hiyo mwaka 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata kuzungumzia afya ya msingi, sisi tulikuwa tumeshaanza kazi.

Sasa nani angefanya kazi kwenye vituo vyote hivyo? Hapo ndipo ilipoanzishwa kada ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Wengi walikuwa wasichana wa darasa la saba, wakasoma miezi 18, wakatumwa kwenye zahanati. Kliniki ya kumpima mtoto kwa mzani wa kuning'inia, kadi ya mtoto, sindano za wajawazito: wao ndio waliozifikisha kwenye vijiji vingi.

Na kwa wauguzi waliotoka vyuoni, mambo yalikuwa hivi: unamaliza, unapewa barua, barua inataja kituo. Hukuulizwa unapenda wapi. Unapanda basi na sanduku lako. Lakini hukukaa nyumbani miaka mitatu ukisubiri ajira, jamani. Kazi ilikusubiri wewe.

Haikuwa rahisi. Mume mwalimu mkoa mmoja, mke nesi mkoa mwingine, mtoto kwa bibi. Nyumba ya mtumishi vituo vingine ilikuwepo, vingine hapana. Ila mama wa kijijini aliposikia "nesi mpya anakuja", nesi alikuja kweli.

SEHEMU YA 3: BARUA ZINAKATIKA

Miaka ya 1980 uchumi ukayumba, mnaokumbuka foleni za sukari na sabuni mnajua. Yakaja masharti ya wakopeshaji: punguza matumizi, punguza watumishi. Mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama za matibabu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ya 1990 serikali ilisimamisha kuajiri watumishi wapya wa afya.

Tafakari maana yake. Vyuo vilikuwepo, vijana waliendelea kusoma, barua hazikutoka. Waliokuwa kazini wakazeeka, wakastaafu, wengine wakafa, maana ndiyo miaka UKIMWI ulipokuwa mkali na dawa hazijafika. Sekta binafsi iliyofunguliwa tena mwaka 1991 ikawapokea baadhi, lakini kliniki binafsi hufunguliwa penye wateja wenye pesa, yaani mjini.

Hapo ndipo wazo la "kazi iko mjini" lilipoota mizizi. Halikutokana na vijana kuwa wavivu au kupenda starehe. Njia ya kwenda kijijini ilifungwa kwanza, vijana wakafuata njia iliyobaki wazi.

Nani alilipa? Utafiti wa taifa wa 2004-05 ulionyesha chini ya nusu ya akina mama, asilimia 47, ndio waliojifungulia kituo cha afya. Waliobaki, wengi wao wa vijijini, walijifungulia nyumbani. Damu ikitoka nyingi usiku, hakuna wa kuizuia.

SEHEMU YA 4: KURUDI VIJIJINI

Mwaka 2006 ukaanzishwa mfuko wa Rais mstaafu Mkapa, ukapeleka wataalamu wa afya kwa mkataba kwenye wilaya za pembezoni, na baadaye ukajenga nyumba za watumishi. Mwaka 2007 serikali ikaanza mpango wa MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, kwa miaka 10. Majina ya waliopangiwa vituo yakarudi kutangazwa, vijana wakakimbilia kutafuta jina kwenye orodha.

Mwaka 2016 ajira zikasimama tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wa afya walikuwemo. Kuna vituo viliamka asubuhi havina mtu.

Pamoja na hayo yote, 2022 waliojifungulia kituoni walifika asilimia 81. Hayo si majengo peke yake. Jengo halizuii damu. Nyuma ya kila mama aliyejifungua salama wilayani kuna mtu aliyekubali kuripoti huko.

SEHEMU YA 5: SASA NAKUJIBU

Kwa mzazi, na kwa wewe binti uliyehitimu na pengine una mchumba au kichanga mgongoni: siku hizi hupelekwi, unaomba. Kwanza leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu maombi ya kazi serikalini nafasi zikitangazwa. Huku unasubiri, usiangalie mijini tu. Hospitali za misheni zilizofundisha wauguzi tangu enzi zile nyingi bado zipo, baadhi ni hospitali teule za wilaya. Halmashauri nazo huajiri wa mkataba kwa mapato yao.

Historia inatuonyesha nesi hakai kwa kulazimishwa wala kwa hotuba. Anakaa akikuta mambo matatu, kwa hiyo ulize kabla ya kuripoti:

Nyumba. Ipo? Ina maji, ina mlango unaofungwa? Umbali gani hadi zahanati usiku?

Mwenzako. Mume au mke atapata kazi karibu? Uhamisho wa kumfuata mwenza unaombwa kwa utaratibu, uliza mapema, usisubiri ndoa ianze kutikisika.

Wenzako kazini. Mko wangapi kituoni? Kubaki peke yako usiku na mama anayetokwa damu ni mzigo unaowachosha vijana wengi kuliko umbali. Uliza gari la wagonjwa linatoka wapi, na simu unampigia nani.

Majibu yakiwa mazuri, mama, mruhusu. Wilayani atazalisha, atachanja, atashona, atajifunza kwa mwaka yale ambayo mjini angeyasubiri muda mrefu.

Na wewe mama uliyeko kijijini, usidhani huna nguvu. Kumbuka Ndanda na Peramiho: nesi alikaa kwa sababu pale palikuwa kwake. Kamati ya zahanati ina wawakilishi wenu. Kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya kuuliza nesi yuko wapi, uliza nyumba yake iko wapi. Akifika, mpelekee ndoo ya maji wiki ya kwanza. Mwonyeshe pa kununua mkaa. Kama ana mtoto, mtafutie dada wa kumshikia. Kuna binti za watu wamekaa vituoni miaka 20 kwa sababu jirani mmoja aligonga hodi siku ya pili.

Barua inamfikisha kituoni. Kumkalisha ni kazi yetu sote.

Sehemu ijayo nitaeleza vitu vya kubeba unapoenda kuripoti, hasa mwenye mtoto chini ya miaka miwili. Kama uliwahi kupangiwa mbali, andika hapo chini ni nini kilikufanya ukae au uondoke. Kuna mtu anasubiri kuamua.