Bingwa Asiye na Uwanja Wake

Ukisema "timu ya wakimbizi", wengi hapa kambini wanafikiria vijana wanaocheza pekupeku kwenye vumbi jioni. Lakini ipo timu iliyochukua ubingwa wa nchi nzima ikiwa ukimbizini, tena si mara moja. Ni Shakhtar Donetsk ya Ukraine. Nitaeleza msimu wake mmoja tu, wa 2022–23, maana una mambo yanayotuhusu sisi, na yanawahusu pia wanaotuhudumia.

Tuanze na jina. Shakhtar maana yake ni mchimba madini. Timu ilianzishwa 1936 katika Donetsk, mji wa makaa ya mawe mashariki mwa Ukraine. Mtu wa Kolwezi au Likasi ataelewa haraka ni mji wa namna gani. Mwaka 2009 walichukua Kombe la UEFA, na mwaka huohuo wakafungua uwanja wao mpya, Donbass Arena, unaoingiza watu zaidi ya 50,000. Hawakuufaidi hata miaka mitano.

Mwaka 2014 vita vikaanza huko mashariki. Timu ikafungasha, ikahamia Lviv, magharibi kabisa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Baadaye ikaenda Kharkiv, kisha Kyiv. Uwanja wao ulipigwa makombora, na kwa muda ukatumika kugawia watu msaada. Hebu fikiria, pale ulipokuwa unaingilia kutazama mpira, sasa unapanga foleni ya mgao.

Kwa hiyo tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia nchi nzima, klabu nyingi zilikuwa zinaonja kukimbia kwa mara ya kwanza. Kwa Shakhtar ilikuwa mara ya pili. Ligi ikasimama, na msimu ule ukafungwa bila bingwa. FIFA ikawaruhusu wachezaji wa kigeni kusimamisha mikataba yao, na Wabrazili wengi wa Shakhtar wakaondoka. Lassina Traoré wa Burkina Faso alikuwa miongoni mwa wageni wachache waliobaki.

Tarehe 23 Agosti 2022 ligi ikarudi, vita vikiwa bado vinaendelea. Mechi ya kwanza ilichezwa Kyiv, Shakhtar na Metalist 1925, 0–0, majukwaa matupu. King'ora kikilia, mpira unasimama na wachezaji wanaingia kwenye handaki. Kesho yake Lviv, Rukh na Metalist walianza mechi ya dakika 90 ikamalizika baada ya zaidi ya saa 4, kwa sababu ya ving'ora. Lakini waliimaliza, na matokeo yakaandikwa: Metalist 2, Rukh 1.

Shakhtar wakajaza nafasi za walioondoka kwa vijana wa nyumbani. Mechi zao za Ulaya walizipokea Warsaw, nchini Poland, na huko wakatoka sare 1–1 na Real Madrid. Januari 2023 wakamuuza Mykhailo Mudryk kwa Chelsea, na rais wa klabu, Rinat Akhmetov, akaahidi dola milioni 25 kwa ajili ya askari na familia zao. Tarehe 28 Mei wakaifunga Dnipro-1, waliokuwa wakifukuzana nayo, 3–0. Ubingwa wa 14. Nafasi ya tatu ikachukuliwa na Zorya Luhansk, nayo timu iliyohama mji wake tangu 2014. Katika tatu bora, mbili ni wahamaji.

Sasa hapa ndipo watu wa semina wangesema: oneni ustahimilivu! Neno hilo tumelisikia sana. Mimi naomba tuangalie na upande wa pili wa msimu huohuo. Timu mbili za ligi kuu hazikurudi kabisa. FC Mariupol, mji wake ulitekwa baada ya kubomolewa. Desna ya Chernihiv, uwanja wake ulipigwa mabomu. Je, wachezaji wa Desna walikosa moyo? Sidhani. Shakhtar walikuwa na tajiri, walikuwa na wachezaji wa kuuza, na walikuwa na miaka minane ya kujua jinsi ya kuishi ugenini. Moyo peke yake haulipi basi wala hoteli. Ndugu zetu wa mashirika, mkitusifu kwa kuvumilia, mkumbuke pia kuuliza waliobaki kimya walikosa nini.

Jambo la mwisho ni la kwetu. Katika kijiji chetu humu kambini tumebishana sana juu ya timu ya vijana inayoitwa Fizi. Wazee wanataka jina libaki. Vijana wengi wamezaliwa hapahapa, na mmoja alisema wazi kikaoni: "Fizi mimi sijawahi kuiona, nitaichezeaje?" Ni swali la haki, na wazee hawakupaswa kumkaripia.

Jibu langu ni hili. Baada ya 2014, mtoto wa Lviv au Kyiv aliyechezea Shakhtar hakuhitaji kuwa amewahi kukanyaga Donetsk. Klabu haikulibadilisha jina, ila haikumfungia mlango asiyezaliwa kule. Jina limekuwa kama hati ya shamba: haikurudishi shambani, lakini siku ya kuulizwa, unayo. Basi Fizi ibaki kifuani, na yule kijana apewe namba yake bila masharti. Na sisi wazee tumlipe deni letu: kila Jumamosi baada ya mazoezi, mmoja wetu akae na timu nusu saa aeleze barabara ya Baraka, ziwa, masoko, na pia sababu za kuondoka. Mimi nimejiandikisha kwa Jumamosi ya kwanza. Nafasi zilizobaki ziko wazi.